Saa arobaini kwa wiki: mwongozo wa mwaka wa kwanza kwa anayekuja chuo Mbeya au Iringa

Ratiba ya muhula wa kwanza inadanganya. Ukiinakili kwenye daftari utakuta Jumatatu ina vipindi viwili, Jumanne kimoja, Jumatano asubuhi hakuna kitu, na Ijumaa saa nane mchana umeshamaliza wiki. Kwa mtu aliyetoka bweni la kidato cha sita, mchakamchaka alfajiri, prepo usiku na mwalimu wa zamu dirishani, hiyo inaonekana kama likizo iliyolipiwa ada.

Sasa piga hesabu. Vyuo vikuu vyetu hupima masomo kwa krediti, na krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi: lekcha, semina, maabara, asaimenti, kujisomea na mitihani, vyote humo ndani. Mwaka mmoja wa mwanafunzi wa muda wote ni krediti 120, yaani 60 kwa muhula, sawa na saa 600. Zigawe kwa wiki 15 za masomo. Unapata saa 40 kwa wiki, sawasawa na mtu aliyeajiriwa ofisini. Ratiba yako inaonyesha labda 20. Zile 20 nyingine hazina chumba wala saa, na hakuna wa kuita majina. Wengi wanaodisko (wanaoondolewa chuoni kwa kufeli) mwaka wa kwanza hawakushindwa darasani. Wameshindwa kwenye hizo 20 ambazo hakuna aliyewaambia kwamba zipo.

Kwa hiyo karibu kila ushauri utakaousoma hapa, uwe wa chumba, wa pesa au wa blanketi, nia yake ni kuzilinda saa hizo. Nawaandikia wanaokuja nyanda za juu kusini: MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya) pale Iyunga, TEKU (Chuo Kikuu cha Teofilo Kisanji), Mzumbe kampasi ya Mbeya, Mkwawa, Chuo Kikuu cha Iringa, RUCU (Chuo Kikuu Katoliki cha Ruaha) na vyuo jirani. Viwango vya ada, tarehe na kanuni za mitihani viko kwenye prospektasi ya chuo chako. Pakua mapema uisome, hasa kurasa za kanuni za mitihani ambazo watu huzifungua wakishapata matatizo.

Kabla hujapanda basi

Anza na makaratasi. Unahitaji vyeti halisi vya kidato cha nne na cha sita (au vya diploma kwa anayetokea huko), cheti cha kuzaliwa, barua ya udahili, namba ya NIDA, picha za pasipoti, fomu ya uchunguzi wa afya iliyojazwa na kugongwa mhuri hospitali, na risiti za malipo. Toa nakala tatu za kila kimoja, kisha skani zote ujitumie mwenyewe kwa barua pepe. Bahasha hiyo ukae nayo mapajani njia nzima. Usiiweke kwenye buti la basi pamoja na ndoo na godoro.

Kagua majina. Kama cheti cha kuzaliwa kinasema jina moja, cha kidato cha nne kina herufi iliyozidi, na akaunti ya benki ina majina mawili badala ya matatu, shughulikia sasa ukiwa nyumbani. Mfumo wa mkopo haumjui mama yako aliyekuandikisha kwa jina la babu. Unaangalia herufi tu, na herufi moja inaweza kukuchelewesha wiki nzima.

Malipo ya chuo kwa kawaida hupitia kontrol namba, yaani namba ya malipo inayotolewa na mfumo. Akikupigia mtu anayejiita afisa udahili, anataka "pesa ya kushikilia nafasi" itumwe kwenye namba ya simu, kata simu. Msimu wa udahili ni msimu wa mavuno kwa matapeli.

Njoo na pesa ya kula ya mwezi mmoja na nusu hata kama umepangiwa mkopo. Bumu la kwanza (pesa ya mkopo ya kujikimu) hutoka baada ya usajili kukamilika, orodha kwenda Bodi ya Mikopo, fedha kurudi chuoni na wewe kusaini. Hapo katikati tumbo halisubiri. Kwa familia za wakulima huku kwetu jambo hili lina ugumu wake: chuo kinafunguliwa kati ya mwezi wa kumi na wa kumi na moja, wakati ule ule mzee anatafuta hela ya mbolea na mbegu, na mahindi ya mwezi wa sita yalishauzwa. Zungumzeni mapema, mwezi wa saba au wa nane, gunia zikiwa bado ghalani. Na uliza chuoni kama ada inalipwa kwa awamu, maana vyuo vingi vinaruhusu.

Nguo nitazigusia kwa kifupi. Jiji la Mbeya liko kwenye mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari na Iringa haiko mbali na hapo. Mwezi wa kumi mchana kuna jua zuri, na anayetoka Dar au Morogoro hudhani watu walimtisha bure. Mvua huanza mwezi wa kumi na moja na kuendelea hadi wa nne. Baridi yenyewe inakuja mwezi wa sita na wa saba, ambapo wengi mtakuwa kwenye UE (mtihani wa mwisho wa muhula) ya muhula wa pili. Njoo na sweta moja na viatu vinavyovumilia tope. Mengine yasubiri, kwa sababu mitumba ya Mwanjelwa na Sido imejaa makoti mazito kwa bei ambayo Kariakoo hupati, na wauzaji wa huku wanajua koti lipi lina joto na lipi ni la kupigia picha.

Wiki ya usajili

Foleni zitakuwepo. Beba maji, kitafunwa na chaji. Mpangilio hutofautiana kidogo kati ya chuo na chuo, lakini mtiririko ni ule ule: malipo yaonekane kwenye mfumo, vyeti vihakikiwe, usajiliwe kama mwanafunzi, usajili kozi za muhula, upigwe picha ya kitambulisho, ushughulikie bima ya afya, kisha usaini mkopo.

Hatua inayorukwa zaidi ni kusajili kozi. Mtu anaona ameshapata namba ya usajili, anaingia darasani, anafanya testi, anafanya UE, halafu matokeo yanatoka jina halimo. Kuwa mwanafunzi wa chuo ni jambo moja, na kusajiliwa kwenye kila kozi ni jambo jingine. Ingia kwenye mfumo, hesabu kozi moja moja, jumlisha krediti zifikie zinazotakiwa na programu yako, kisha piga picha skrini yenye tarehe na uitunze. Kozi za kuchagua zina kikomo cha watu, kwa hiyo fanya hivyo siku za mwanzo.

Bima usiione kama karatasi la kutimiza masharti. Kwa miaka mingi mchango wa mwanafunzi NHIF (mfuko wa taifa wa bima ya afya) ulikuwa shilingi 50,400 kwa mwaka. Kipimo kimoja kikubwa pale Hospitali ya Rufaa ya Kanda kinaweza kuumeza mchango wote huo. Kama tayari una kadi kupitia mzazi, nenda nayo ili usilipe mara mbili.

Hosteli au geto

Kama umepata hosteli ya chuo mwaka wa kwanza, ichukue. Najua watasema kuna kelele, maji yanakatika, na mtakaa wanne chumba kimoja. Yote kweli. Lakini unaamka dakika kumi kabla ya lekcha, maktaba iko hatua chache, na saa tatu usiku unaweza kutoka kwenye diskasheni ukarudi kulala bila kutafuta bajaji. Geto, yaani chumba cha kupanga mtaani, lina uhuru mwingi kuliko anaohitaji mtu wa miaka 19 mwenye saa 20 zisizo na mwenyewe.

Ukikosa hosteli, tafuta chumba kwa miguu yako. Tangulia siku nne au tano, fikia kwa ndugu au gesti ya bei nafuu, na uzunguke. Dalali atataka ada yake, mara nyingi sawa na kodi ya mwezi mmoja, pamoja na hela ya kuonyeshwa. Walioko mwaka wa pili wanajua vyumba vinavyoachwa na wanaomaliza, basi waulize wao kwanza.

Siku ya kuangalia chumba usitazame rangi ya ukuta. Inua macho: je, kuna dari au ni bati tupu? Chumba cha bati bila dari, usiku wa mwezi wa saba Mbeya, ni friji, na mvua ya mwezi wa pili ikipiga bati hilo hakuna atakayesoma wala kusikilizana. Gusa ukuta wa nyuma karibu na sakafu uone kama una unyevu. Fungua bomba mwenyewe. Uliza kama luku ni yako peke yako au mnachangia, na kama mnachangia, mnagawana vipi, kwa sababu kuna mpangaji mwenye pasi na heta na kuna mwenye taa moja, na ugomvi wa luku umevunja urafiki mwingi kuliko mapenzi. Kisha rudi pale pale saa mbili usiku. Njia uliyoiona mchana ikiwa na watoto wanacheza inaweza kuwa giza totoro, na utaipita ukiwa na laptopu mgongoni.

Pima umbali kwa dakika, tena kwa miguu. Mwenye nyumba atakuambia "hapo tu". Dakika 40 kwenda na 40 kurudi, siku tano, ni saa karibu saba kwa wiki, theluthi ya zile saa 20. Chumba cha bei ya chini kilicho mbali mara nyingi ni ghali kuliko cha jirani. Pale Iringa vilima navyo vihesabu, maana Kihesa na Semtema siyo tambarare, na mgeni aliyetoka pwani atahema wiki mbili za kwanza kabla mapafu hayajazoea.

Kodi wengi hutaka ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo. Lipa kwa maandishi hata kama mama mwenye nyumba ni mkarimu na amekukaribisha chai. Andikeni jina, kiasi, miezi, tarehe, na nani anatengeneza choo kikiziba. Baada ya kuhamia, nenda ofisi ya serikali ya mtaa ujitambulishe kwa mwenyekiti. Siku ukiibiwa au ukihitaji barua, utakuwa mtu anayefahamika.

Wenyeji salamu wanaipenda. Jifunze kusema "ugonile" kwa Wanyakyusa wa Mbeya na "kamwene" kwa Wahehe wa Iringa, hata kama unaishia hapo. Bibi wa genge akikuzoea atakukopesha nyanya wiki ambayo bumu limechelewa.

Kuzipa saa 20 mahali pa kukaa

Hapa ndipo mambo yote yalipo, kwa hiyo twende taratibu.

Chukua kozi moja ya krediti 12. Hiyo ni saa 120, gawa kwa wiki 15, saa 8 kwa wiki. Kama darasani unakaa saa 4, unaidai kozi hiyo saa 4 nyingine. Ukiwa na kozi tano za namna hiyo, deni ni saa 20. Sasa tandika ratiba yako mezani utafute zitakaa wapi.

Mgodi wa kwanza ni mapengo ya mchana. Lekcha imeisha saa nne asubuhi, nyingine inaanza saa saba. Watu hurudi geto "kupumzika kidogo", wanapika, wanalala, wanaangalia simu, na saa tatu zimeyeyuka. Ukibaki chuoni, kwenye maktaba au kwenye kimbweta (meza na benchi za nje) chenye kivuli, mapengo ya siku nne pekee yanaweza kukupa saa 12. Ongeza saa moja na nusu jioni kwa siku nne, hizo ni 6. Jumamosi asubuhi saa 3. Jumla 21. Jumapili yote imebaki ya kanisa, ya msikiti jirani, ya kufua, ya kupanda Loleza ukitaka, na Ijumaa jioni hujaigusa. Hakuna kukesha humo. Mtu anayejisifu kwamba "anapiga msuli" mpaka saa tisa usiku mara nyingi analipa saa alizozichezea mchana.

Sasa ndani ya saa hizo unafanya nini? Kusoma slaidi mara tano hakusaidii kama unavyodhani. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha mwaka 1885 majaribio aliyojifanyia mwenyewe kuhusu kumbukumbu, akaonyesha kwamba sehemu kubwa ya kusahau hutokea mapema, ndani ya saa na siku za mwanzo. Kwa hiyo siku ile ile ya lekcha, kabla ya giza, fanya hivi: funga daftari, chukua karatasi tupu, andika kila unachokumbuka kwa maneno yako, chora na mishale kama kuna mchakato. Ukikwama, acha nafasi. Kisha fungua daftari ujaze nafasi kwa kalamu ya rangi nyingine. Hiyo rangi ya pili ndiyo ramani yako, inakuonyesha pale usipojua. Dakika 30 zinatosha. Baada ya siku tatu rudia kwa dakika 15, na wiki inayofuata tena.

Lugha ya darasani ni Kiingereza, na kuna wengi ambao kidato cha sita walipita kwa kukariri sentensi za kitabu. Usione aibu. Kuelewa jambo kwa Kiswahili kwanza ni njia halali kabisa. Kaeni watatu au wanne, mmoja aeleze mada kwa Kiswahili mpaka wote wakubali, halafu kila mtu aandike peke yake aya moja kwa Kiingereza akijibu swali la pasti pepa (mtihani wa miaka iliyopita). Kosa la vikundi vingi ni kuishia kwenye hatua ya kwanza: mnacheka, mnaelewa, mnaachana. Chumba cha mtihani hakina Kiswahili cha kundi lako.

Tahadhari na desa. Kila idara ina noti zilizozunguka miaka, zimetolewa fotokopi mpaka michoro imegeuka madoa. Zitumie kama mtu anavyotumia kumbukumbu za aliyetangulia, usizifanye mwalimu. Mhadhiri aliyebadilika, au aliyebadilisha mkazo wa kozi, anaziacha desa pale pale. Pia slaidi zikitumwa kwenye kundi la WhatsApp watu huacha kuhudhuria. Lakini ile sentensi "hili watu hukosea kila mwaka" haiandikwi kwenye slaidi, inasemwa.

Asaimenti za kikundi zina ugonjwa wake. Kumi wamepangwa, wawili wanaandika, wanane wanaweka majina. Siku ya kwanza gawaneni sehemu kwa maandishi kwenye kundi, na wekeni tarehe ya ndani ambayo ni siku tatu kabla ya ile ya mhadhiri. Jitolee kufanya ile hatua ya mwisho ya kuunganisha kazi. Inachosha, lakini aliyeiunganisha ndiye pekee anayeielewa yote ukifika wakati wa kuwasilisha. Kunakili kutoka mtandaoni au kumwachia programu ya kompyuta iandike kazi yote ni wizi wa kitaaluma, na adhabu zake ziko kwenye zile kurasa nilizosema uzisome.

Wahadhiri wana saa za kuonana na wanafunzi na mara nyingi hukaa ofisini bila mtu. Nenda na swali lililofanyiwa kazi: "Dokta, nimefika hatua hii, hapa nimekwama." Ukienda na "sijaelewa topiki yote" utarudishwa kwenye kitabu. Mwite Dokta au Profesa, hata kama yeye anakusalimia "mambo". Shikamoo kwa mzee wa idara ni sawa, ila tyuta (mwalimu msaidizi) aliyekuzidi miaka mitatu ataicheka.

Bumu

Tangu mwaka wa masomo 2022/23 posho kamili ya chakula na malazi imekuwa shilingi 10,000 kwa siku. Hulipwa kwa awamu. Awamu ya siku 60 ni 600,000 zinazoingia kwa mpigo mmoja kwenye akaunti ya mtu ambaye pengine hajawahi kushika laki mbili zake. Wiki hiyo mji mzima unajua. Bei ya chips haipandi, ila unaanza kuagiza na kuku.

Usiishi kwa kiasi kilichopo. Ishi kwa siku zilizobaki. Siku pesa ikiingia, kabla hujamwambia mtu, toa kodi ya miezi miwili (tuseme 80,000), nunua vyakula vya kukaa, weka pembeni nauli na bando, kisha funga 100,000 mahali pagumu kufikiwa, kwenye akaunti isiyo na kadi au kwa dada unayemwogopa. Hiyo ni ya pengo, zile wiki ambapo awamu imeisha na nyingine haijaja. Kila mwaka pengo lipo, na kila mwaka linawashangaza watu.

Kula vizuri huku ni rahisi kuliko sehemu nyingi nchini, mradi upike. Mwanjelwa unanunua maharage kwa sado, viazi kwa ndoo, ndizi kwa mkungu na mchele wa Kyela kwa kilo, na parachichi kwa msimu wake ni kama zawadi. Mkipika kwa zamu watu watatu, jiko moja la gesi ya kilo 6, kila mmoja anasimama jikoni siku mbili kwa wiki na mnabaki na siku moja ya kujitegemea. Maharage yaloweke usiku. Yasiyolowekwa hula gesi saa mbili, na kwenye mwinuko huu maji yanachemka kwenye joto la chini kuliko pwani, kwa hiyo hukawia zaidi.

Kumbuka pia kwamba mkopo ni deni. Ukiajiriwa utakatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka uishe. Simu ya bei mbaya iliyonunuliwa kwa bumu la kwanza utaendelea kuilipa ikiwa imeshakufa.

Jiko la mkaa na afya

Hili lisikilize kuliko yote. Usilete jiko la mkaa lenye moto ndani ya chumba unacholala, hata kama limebaki makaa mekundu tu, hata kwa nusu saa. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoshika damu mahali pa oksijeni. Mtu hasikii anasongwa. Anaumwa kichwa kidogo, anapata usingizi, na haamki. Kufungua dirisha kidogo hakutoshi. Ukiona mwenzako amelegea kwenye chumba chenye jiko, fungua mlango, mvute nje, kisha ita msaada. Ukihisi baridi, ongeza blanketi, vaa soksi na kofia, jaza maji ya moto kwenye chupa uifunge vizuri uiweke miguuni. Blanketi la mtumba halizidi gharama ya jeneza.

Mafua na kikohozi vitakuja na mvua, havina ajabu. Kikohozi cha wiki mbili na zaidi kipeleke kupimwa TB, kipimo ni bure kwenye vituo vya serikali. Ukiugua wakati wa testi au UE, nenda hospitali kabla ya mtihani upewe karatasi, uifikishe ofisi ya mkuu wa idara haraka. Kwa utaratibu huo unapewa mtihani maalumu. Karatasi ya tarehe ya baadaye hakuna anayeisikiliza. Matatizo makubwa zaidi, msiba wa mzazi, ujauzito, ada kukwama kabisa, yana njia rasmi ya kuahirisha masomo. Kuahirisha kwa barua ni kusimama ukarudi. Kutoweka bila barua ni kufukuzwa.

Upweke hauhitaji aibu pia. Wiki ya tatu au ya nne, shamrashamra za kukaribishwa zikiisha, wengi hukumbuka nyumbani vibaya. Ukikuta huli, hulali, na umeanza kukwepa lekcha, ofisi ya mshauri wa wanafunzi ipo kwa kazi hiyo. Kwaya, mpira, jumuiya za dini na vyama vya fani navyo vinasaidia, ila chagua viwili. Siasa za serikali ya wanafunzi ziache mpaka umeona matokeo ya kwanza. Na ulanzi wa Iringa una utamu wa juisi na kasi ya kitu kingine, kwa hiyo mgeni aendee pole.

Testi, UE na matokeo

Mgawanyo uliozoeleka ni alama 40 za kozi weki (testi na asaimenti za muhula) na 60 za UE. Testi ya kwanza huja mapema kuliko unavyotarajia, na hapo ndipo wengi hushtuka. Baadhi ya vyuo humzuia kuingia UE asiyefikisha kiwango fulani cha kozi weki, kwa hiyo kila ukirudishiwa testi andika alama zako mahali pamoja na utunze karatasi yenyewe. Alama za kozi weki zikibandikwa, linganisha. Kosa la kunakili hurekebishwa kirahisi kabla ya UE na kwa taabu baada yake.

Elewa jinsi GPA (wastani wa pointi zako) inavyotembea. Kwa kawaida A ni kuanzia 70 na ina pointi 5, B+ ni 60 hadi 69 pointi 4, B ni 50 hadi 59 pointi 3, C ni 40 hadi 49 pointi 2. Chukua mtu mwenye kozi tano za krediti sawa: A, B+, B, B na C. Jumla 17, gawa kwa 5, anapata 3.4, yaani daraja la pili la chini. Moja ya zile B ingekuwa 60 badala ya 59, jumla ingekuwa 18, GPA 3.6, daraja la pili la juu. Alama moja. Hiyo inaweza kuwa asaimenti iliyochelewa siku moja wiki ya tano. Sapu (mtihani wa marudio) nayo, hata ukipata 85, kwa vyuo vingi huandikwa C, na husomwa likizo wenzako wakiwa nyumbani.

Matokeo yakitoka, ingia kwenye mfumo uangalie kozi moja moja. Kozi ikionyesha haina alama wakati mtihani uliufanya, peleka idarani nakala ya picha skrini ya usajili wa kozi, karatasi ya testi, na namba ya kiti kama uliiandika. Rufaa ya kusahihishiwa upya ina ada na ina siku zake za mwisho, na siku hizo huanza kuhesabiwa matokeo yakitangazwa, wala hazisubiri uyaone. Kama una sapu, chukua tarehe zake kwenye almanaki ya chuo kabla hujakata tiketi ya kwenda nyumbani, na umwambie mwenye nyumba utarudi lini ili chumba kisipewe mtu.